Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: sikio la ndani, kizunguzungu na kazi ya mtafiti, kwa watu wa Lamu

Kila nikija nyumbani naulizwa yale yale: barazani, ndani ya boti la Mokowe, harusini, hata dukani nikinunua sukari. Nimeyakusanya hapa ili mwenye kutaka jibu kamili alipate bila kuningoja nimalize mazungumzo mengine. Mimi ni mtafiti wa ubongo, na kazi yangu ni kuchunguza jinsi mwili unavyojua kuwa uko wima na unakwenda wapi. Majibu yanayogusa maradhi ni ya kukuelewesha tu. Hayashiki nafasi ya daktari aliyekuona na kukupima.

## Kazi yenyewe

1. Umesoma miaka yote hiyo, mbona hutuandikii dawa?

Udaktari wangu ni wa shahada ya uzamivu, si wa hospitali. Daktari wa masikio, pua na koo anamtibu mgonjwa aliye mbele yake. Mimi nauliza swali lililo nyuma ya ugonjwa: ishara gani inatoka sikioni, inafika wapi ubongoni, na ubongo unaitafsiri vipi. Tunahitajiana. Vipimo vingi anavyovitumia yeye leo vilianzia katika maabara ya mtu kama mimi, na maswali yangu mengi yameletwa na wagonjwa wake.

2. Sikio si la kusikia? Usawa wa mwili umeingiaje humo?

Sehemu ya ndani ya sikio, iliyofichwa katika mfupa mgumu pembeni mwa fuvu, ina kazi mbili. Koklea ni ya kusikia. Kando yake kuna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara na vifuko viwili viitwavyo utrikoli na sakuli. Hivyo ni vya usawa. Vyote ni vidogo mno: duara la mfereji mmoja halizidi milimita saba hivi.

Mifereji mitatu imekaa pande tatu tofauti, kwa hiyo baina yake inapima kila aina ya kuzunguka kwa kichwa: unapokikataa kitu, unapoitikia, unapolalia bega. Vifuko viwili vinapima mwendo ulionyooka na mvutano wa ardhi, kama pale mashua inaponyanyuliwa na wimbi. Ndani ya vifuko hivyo kuna vijiwe vya kalisi kaboneti, vidogo kuliko unene wa unywele, vimelazwa juu ya utando laini. Ukiinama, uzito wa vijiwe unauvuta utando, na seli zenye vinyweleo zilizo chini yake zinatoa habari. Vinyweleo vikilala upande mmoja, ishara huongezeka. Vikilala upande wa pili, hupungua.

Hapa pana jambo ambalo watu hawalitarajii: neva ya usawa haikai kimya hata ukiwa umelala. Jay Goldberg na César Fernández, waliofanya kazi Chicago, walionyesha mwaka 1971 kwa tumbili wadogo kwamba uzi mmoja wa neva hiyo unapiga, kwa wastani, karibu ishara 90 kwa sekunde bila mwendo wowote. Sikio la kulia na la kushoto yanapiga pamoja, na ubongo unalinganisha. Tofauti ikitokea, ubongo unasema: tunazunguka. Lishike hili, maana nusu ya majibu yanayofuata yamejengwa juu yake.

3. Kwa nini mtoto akizunguka kisha akasimama huona nyumba bado inazunguka?

Chukua glasi ya chai yenye majani, uizungushe taratibu. Mwanzoni majani yanabaki nyuma ya glasi. Endelea kuizungusha, nayo yatafuata. Simamisha glasi ghafla, na majani yataendelea kwenda. Maji yaliyo ndani ya mfereji wa sikio yanafanya vivyo hivyo, yanalisukuma pazia laini linalofunika vinyweleo, na ubongo unapata habari ya mzunguko ambao umeshakwisha. Pazia likirudi mahali pake, nyumba inatulia.

4. Mbona mkitupima usawa mnatazama macho?

Kwa sababu macho ndiyo yanayolisema sikio waziwazi. Jijaribu mwenyewe. Shika ukurasa wenye maandishi, tuliza kichwa, kisha utikise ukurasa upesi kushoto na kulia: herufi zinavurugika. Sasa utulize ukurasa na ukitikise kichwa kwa kasi ile ile. Herufi zinasomeka.

Tofauti ni kwamba kichwa kinapotembea, sikio linayaamuru macho yaende upande wa pili kwa kiasi kile kile, na amri hiyo inafika ndani ya sehemu 5 hadi 10 za elfu moja ya sekunde. Mlolongo wake mfupi kabisa una neva tatu tu: moja kutoka sikioni, moja kwenye shina la ubongo, moja ya kuvuta msuli wa jicho. Ni miongoni mwa njia za haraka kuliko zote mwilini, na ndiyo niliyoichagua niitumikie. Ukivaa miwani mipya, kipimo cha zamani hakifai tena, na sehemu ya nyuma ya ubongo iitwayo serebelamu inaanza kurekebisha. Inajuaje kwamba kuna kosa, na inaandika wapi marekebisho yake? Hapo ndipo miaka yangu imekwenda, na bado tunabishana.

Mwaka 1988 Halmagyi na Curthoys wa Sydney walionyesha kwamba daktari anaweza kukishika kichwa cha mgonjwa, akakigeuza ghafla kidogo huku mgonjwa anamtazama puani, na akalijua sikio lililoharibika kwa kuona macho yakichelewa kisha yakiruka kurudi. Kipimo hicho hakihitaji umeme.

5. Nani waliyagundua haya?

Wengi, na kwa kupokezana. Pierre Flourens wa Ufaransa, miaka ya 1820, alikata mifereji ya sikio la njiwa; walisikia kama kawaida, lakini vichwa viliyumba upande wa mfereji uliokatwa. Mwaka 1861 Prosper Ménière aliwaambia madaktari wa Paris kwamba kizunguzungu kingine kinatoka sikioni wakati wao walikuwa wanalaumu ubongo peke yake.

Ninayempenda ni Robert Bárány wa Vienna. Alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, nao wakilalamika kizunguzungu. Maji yakiwa baridi macho yao yalichezacheza upande mmoja. Yakiwa moto, upande wa pili. Wengine waliuona usumbufu, yeye akaona kipimo. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 ilimkuta akiwa mfungwa wa vita Urusi. Kipimo chake bado kinatumika, kwa maji ya nyuzi 30 na 44.

## Baharini

6. Kwa nini mimi natapika njia nzima ya Kiwayu na nahodha anakula mkate wake?

Ukikaa chini ya turubai ukitazama mizigo, macho yanauambia ubongo kwamba umetulia, kwa sababu mizigo inakwenda pamoja nawe. Sikio linasema unapanda na kushuka. Ubongo unatarajia habari za pande zote zikubaliane na zile ulizozizoea. Zisipokubaliana kwa muda, moyo unachafuka. Mwendo mbaya zaidi ni ule wa taratibu, wa kukunyanyua na kukushusha mara moja kwa sekunde tano hivi. Ndiyo maana mtu anapita Mkanda akicheka, na mara tu chombo kikitoka nje kwenye mawimbi marefu ya kusi anaanza kutafuta ndoo.

Nahodha ana faida mbili. Ubongo wake umeshajifunza bahari, na tena yeye ndiye ashikaye usukani: anajua wimbi lijalo kabla halijamfika. Dereva wa gari vilevile hachafukwi kama abiria wake.

Kwamba sikio ndilo lenye kesi, tunao ushahidi mzuri. Wanafunzi viziwi wa Gallaudet, Marekani, ambao ugonjwa ulikuwa umewaharibia pia sehemu ya usawa, walishiriki utafiti wa jeshi la majini la nchi hiyo kuanzia mwisho wa miaka ya 1950. Walipelekwa katika bahari iliyochafuka, na wakati watafiti wanateseka, wao hawakuwa na neno.

7. Mbona nikishuka gatini ardhi inaendelea kuyumba?

Ubongo ulikuwa umeanza kuizoea bahari, na sasa lazima uiache. Kwa wengi huisha ndani ya saa chache au siku mbili. Wapo wachache ambao hubaki hivyo kwa wiki au miezi, na wakipanda chombo tena wanapata nafuu. Hao wamwone daktari, na wasikubali kuambiwa wanajifanya.

8. Tangawizi, ndimu, au vidonge?

Kwanza mahali: kaa katikati ya chombo ambako hakunyanyuki sana, tazama upeo wa bahari, acha simu. Hili linashinda nusu ya dawa.

Vidonge kama sinarizini vinasaidia vikimezwa kabla ya safari. Ukishaanza kutapika umechelewa. Vinaleta usingizi, kwa hiyo nahodha asivitumie akiwa kazini, na mama mjamzito aulize kwanza kliniki. Tangawizi haina madhara kwa wengi, na matokeo ya utafiti wake yamepingana. Bibi yangu anaiamini sana, nami sibishani naye. Kuhusu ndimu ya kunusa sina la kisayansi la kusema, ila harufu ya dizeli inazidisha, na ndimu angalau inaifunika.

9. Mtoto mchanga analala tu kwenye boti, lakini kaka yake wa miaka tisa anatapika. Ni kawaida?

Kawaida kabisa. Walio chini ya miaka miwili ni nadra kuchafukwa. Kati ya miwili na kumi na miwili ndio wakati mgumu, kisha hupungua.

10. Sisi wa Kizingitini tunapiga mbizi kutafuta kamba. Wengine hupatwa na kizunguzungu chini ya maji. Ni nini?

Nalijibu kwa kirefu kwa sababu linaua. Sababu ya kwanza ni shinikizo: sikio moja likifunguka na la pili likibaki limeziba, hasa wakati wa kupanda, pande mbili zinatuma habari tofauti na ubongo unasikia mzunguko. Mwenye mafua asipige mbizi, basi.

Ya pili ni kipimo cha Bárány kinachojifanya chenyewe. Mwenye tundu kwenye ngoma ya sikio, labda kwa usaha wa tangu utotoni, maji yanaingia upande mmoja tu. Hata maji yetu ya vuguvugu ni baridi kuliko nyuzi 37 za mwili. Sikio moja linapoa, dunia inazunguka, na huko chini huna jua wala upeo wa kukuambia juu ni wapi. Ikikupata, toa pumzi kidogo uangalie povu linapanda upande gani, ulifuate. Lakini ulinzi wa kweli ni kuangaliwa masikio nchi kavu, na mwenye tundu kutoshuka mpaka lizibwe.

## Maradhi

11. Mama akigeuka kitandani dunia inamzunguka, kisha inatulia. Ni presha?

Huenda siyo. Kama ni kizunguzungu kikali kisichofika dakika moja, kinachokuja akilala, akigeuka au akitazama juu kuanika nguo, mtuhumiwa wa kwanza ni vile vijiwe vya swali la 2. Vikitoka kwenye kifuko vikaingia mferejini, mara nyingi ule wa nyuma, kila akigeuka vinabingirika na kuyasukuma maji. Ni sababu iliyo kubwa kuliko zote za kizunguzungu cha sikio, na hupata zaidi waliovuka makamo.

Dix na Hallpike walieleza mwaka 1952 jinsi ya kuugundua: mgonjwa analazwa upesi kichwa kikiwa kimegeuzwa, na macho yanatazamwa. John Epley wa Marekani alibuni namna ya kukigeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka vijiwe virudi kifukoni. Alichapisha mwaka 1992 baada ya wenzake kumbeza kwa miaka. Kazi yote ni dakika chache, bila dawa, na wengi hupona kwa kikao kimoja au viwili. Mwenye shida ya shingo apimwe kwanza. Inanikera kuona mtu amemeza vidonge vya presha ambayo hana, wakati anachohitaji ni mikono ya mtu aliyefunzwa.

12. Wengine wanasema ni jini.

Nimeulizwa hili na watu wazima wenye heshima zao, na sichezi nalo. Dua haikatazwi na mtu. Ninachoomba ni kwamba mgonjwa asomewe na pia ageuzwe kichwa kama nilivyoeleza. Moja haliharibu jingine.

13. Wakati gani nisingoje asubuhi?

Kizunguzungu kikija pamoja na mojawapo ya haya: ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, uso au mkono kulegea, kichwa kuuma ghafla kwa namna ambayo hukuwahi kuijua, au kushindwa kabisa kusimama. Huo unaweza kuwa ni kiharusi cha nyuma ya ubongo. Aliye Faza au Siyu asingoje maji yajae. Simu ipigwe na chombo kitafutwe saa hiyo hiyo. Na kutosikia kwa ghafla sikio moja, hata bila kizunguzungu, ni jambo la kuwahi hospitali siku ile ile.

14. Nimesikia sindano ya jentamisini inaharibu sikio. Ni kweli?

Ni kweli, na bado inaokoa maisha, hasa ya watoto wachanga wenye maambukizi ya damu. Usiikatae ikiandikwa na anayejua. Jentamisini, kama streptomisini iliyotumika sana kwa kifua kikuu, inaweza kuua seli zenye vinyweleo, na kwa binadamu hazioti tena. Hatari inakua kwa dozi ndefu na kwa mwenye figo dhaifu. Ninachokataza ni sindano za kuchomwa dukani siku baada ya siku bila mtu kuangalia uzito, figo wala muda.

Cha kushangaza, mgonjwa wa namna hii mara nyingi haoni dunia ikizunguka. Masikio yote mawili yamenyamaza pamoja, kwa hiyo hakuna tofauti ya kulinganisha. Badala yake anapepesuka gizani, na akitembea anaona njia inarukaruka kwa kuwa macho hayasahihishwi tena (swali la 4). Daktari mmoja wa Marekani aliyetibiwa kwa streptomisini aliandika mwaka 1952 kwamba ilimbidi akibane kichwa baina ya vyuma vya kitanda ndipo asome, maana mapigo ya moyo wake peke yake yalitosha kuzivuruga herufi.

15. Kwa nini wazee wetu wanaanguka ngazini usiku?

Usawa unasimama juu ya vitu vitatu: sikio, macho, na habari za nyayo na misuli. Uzee unavipunguza vyote. Sasa fikiria nyumba zetu za mawe: ngazi nyembamba, vidato virefu visivyolingana, umeme umekatika. Macho yameondolewa, nyayo zimekufa ganzi kwa kisukari, sikio limechoka. Taa ndogo ya betri kwenye kila kona ya ngazi na kamba ya kushika ukutani zitamsaidia mzee kuliko dawa yoyote ninayoijua. Na atembee, anayekaa kitako kwa kuogopa kuanguka anazidi kuudhoofisha usawa wake.

16. Hakuna kifaa cha kuweka sikio jipya?

Kimeanza. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliripoti watu wanane waliopandikizwa kifaa kinachosoma mwendo wa kichwa na kuituma habari hiyo kwa umeme kwenye neva. Wengi walitembea vizuri zaidi. Bado ni majaribio. Njia nyingine ni kuziotesha upya seli: tangu 1988 tunajua kwamba ndege huziotesha wenyewe, na maabara nyingi zinauliza kwa nini sisi hatuwezi.

## Njia ya utafiti

17. Mwanangu yuko sekondari na anataka kazi hii. Asome nini?

Hesabu na fizikia, kisha biolojia. Watu hushangaa kuona fizikia inatangulia, lakini sikio la ndani ni maji, vijiwe na mvutano, na bila hesabu utabaki kusimulia tu. Shahada ya kwanza inaweza kuwa udaktari, fiziolojia, uhandisi wa vifaa vya tiba au fizikia. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, Nairobi kuna nafasi zaidi. Kilifi pia ndiko uliko mradi wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome, mfuko wa Uingereza unaogharimia utafiti, tangu 1989, na ingawa hawashughuliki na usawa hasa, kijana atajifunza hapo jinsi utafiti wa binadamu unavyofanywa kwa adabu na kwa uangalifu. Chama cha watafiti wa ubongo wa Afrika, SONA, kilianzishwa Nairobi mwaka 1993; mikutano yake ndiyo mlango wa kuwajua watu.

18. Inachukua muda gani, na ina pesa?

Baada ya shahada ya kwanza hesabu miaka miwili ya uzamili, minne hadi sita ya uzamivu, kisha mkataba baada ya mkataba katika maabara za wengine. Mshahara upo, lakini unategemea ruzuku, na kuandika maombi ya ruzuku kunakula muda kuliko majaribio yenyewe. Anayetaka kujenga nyumba mapema afanye jingine. Namwambia hivi kila kijana anayeniuliza, na wanaobaki baada ya kusikia ndio ninaowataka.

19. Mnatesa wanyama?

Hakuna jaribio la mnyama linaloanza bila kibali cha kamati inayouliza idadi, maumivu, na kama kuna njia nyingine. Mimi nilianzia samaki na sasa napima watu, kwa miwani yenye kamera inayosoma macho. Lakini siwezi kudai mikono yangu haina deni: karibu kila jambo lililoandikwa juu linasimama juu ya njiwa, tumbili au samaki.

20. Kwa nini samaki? Samaki ana usawa gani?

Wavuvi hulicheka hili mpaka wakumbuke kwamba walishaona vijiwe vyeupe ndani ya kichwa cha samaki. Ndivyo hivyo, wenzao wa vijiwe vyetu. Yupo samaki mbaya wa sura wa pwani ya mashariki ya Marekani, Opsanus tau, ambaye mifereji yake inafikika kwa urahisi na hutulia anaposhughulikiwa. Watafiti wa maabara ya bahari ya Woods Hole, huko huko Marekani, wamemsoma kwa miongo, na mwaka 1998 samaki hao walipelekwa angani katika chombo cha Columbia ili kuona vifuko vinafanyaje uzito ukiondoka.

Anga ilishatupa fundisho jingine. Kwa muda mrefu kipimo cha Bárány kilielezwa hivi: joto huyafanya maji ya mfereji yapande, baridi huyafanya yashuke. Mwaka 1983 kilijaribiwa ndani ya Spacelab, maabara iliyopelekwa angani, mahali ambapo hakuna juu wala chini, na macho yalichezacheza vilevile. Maelezo ya tuzo ya Nobel yalikuwa kweli, ila hayakuwa yote.

21. Utafiti gani unaweza kufanyika hapa Lamu?

Mwingi kuliko watu wanavyodhani. Manahodha ambao wameizoea bahari tangu utotoni, macho na masikio yao yanagawanaje kazi? Watoto waliopewa jentamisini wakiwa wachanga, wanasimama vipi wakifika miaka mitano? Vifaa vya kuanzia vinaingia kwenye begi moja pamoja na kompyuta. Kinachohitajika ni kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayosimamia utafiti), na idhini ya wenyeji iliyoelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ingawa nikiulizwa kipi kitangulie, mashine zangu au wauguzi wawili waliofunzwa njia ya Epley, nitasema wauguzi.

22. Naweza kujitolea kupimwa?

Ndiyo, ukiwa mtu mzima, na unaweza kuacha wakati wowote bila kuulizwa sababu. Kula kidogo, usije na njaa wala tumbo zito. Usipake wanja, kwa sababu kamera inauchanganya na mboni. Kama umemeza kidonge cha safari au cha usingizi tangu jana, niambie tukupangie siku nyingine. Na uje na mtu wa kurudi naye, maana baadhi ya vipimo vinakuacha ukiyumba kidogo na njia ya kurudi nyumbani ina punda wengi.